Kalamu Uliyoiita Bati

Baba,

Ile kalamu haikuwa bati. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikalisha niandike. Mengine ya nyumbani ni yaleyale: Mama anakula kidogo, na kiti chako cha barazani hakuna anayekikalia. Hata mafundi wa paa walikizunguka.

Tulikuwa tunajiandaa na arobaini yako. Mama alitaka kalamu ikae mezani pembeni ya picha yako, ila aliona aibu ilivyochujuka, nikaipeleka kwa sonara Sinza aitie maji ya dhahabu upya. Akasema hawezi kuitia kabla hajajua chini yake kuna nini. Akaisugua kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha tone la tindikali juu ya ule mstari. Likawa jekundu. Ingekuwa shaba, akasema, lingechemka likawa kijani. Kisha akanipa lenzi nisome namba kwenye ukingo wa kifuniko: 925.

Namba hizo ulinionyesha mwenyewe, ukasema ni za kiwandani tu, mbona hawajaandika karati. Ni alama ya fedha, Baba. Fedha halisi, na dhahabu ikatiwa juu yake. Nibu nayo ina 585, hiyo ni dhahabu yenyewe.

"Aliyempa mzee hii alimpenda," sonara akasema. Nililia palepale, mbele ya wateja wake.

Mzee Akbar alikupa siku uliyostaafu. Miaka yote ulinunua chaki na daftari dukani kwake Temeke, na jioni mlibishana habari za redio mpaka anafunga. Ukaichomeka kalamu mfukoni kila siku, hata ukienda sokoni. Jasho na kidole gumba chako vikaila dhahabu, weupe ukatokea, na wenzako wa kijiweni wakakucheka. Ukarudi nyumbani ukasema, "Akbar kanipa bati lililopakwa rangi."

Hukwenda kumuuliza. Alipotuma salamu, hukujibu. Krismasi moja alikuja mwenyewe na boksi la halua, wewe ukajifungia chumbani, akakaa na Mama kidogo akaondoka. Wewe uliyetuandikia "hasira hasara" ubaoni mpaka tukaichoka! Nimekukasirikia, Baba, na sina pa kuipeleka hasira yenyewe.

Jumamosi nikaenda kumwambia yeye basi, angalau mmoja wenu ajue. Siku hizi anaishi Kipawa kwa binti yake, Zehra. Zehra alinipokea mlangoni, akanieleza kwamba mzee amekuwa msahaulifu sana. Habari ya msiba wako walimpa, akalia, kesho yake hakuikumbuka. Wakaacha kumwambia.

Nikaingia hivyohivyo, nikamwamkia, nikamwekea kalamu kiganjani. Nikamwambia ni fedha halisi, wewe ulikosea, nakuombea radhi. Alikuwa ananitazama kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za majirani asiowajua. Kisha akaitazama kalamu, na uso wake ukafunguka.

"Hii ya Mwalimu," akasema. "Siku akistaafu nampa. Usimwambie, sawa?"

Akaichomeka mfukoni mwa shati. Zehra alitahayari, akataka kuirudisha, nikamzuia.

Ugomvi haukumbuki hata chembe. Miaka yote mliyonyimana salamu imemtoka, amebaki na wewe tu, rafiki yake ambaye hajastaafu. Wewe ndiye uliyeondoka na ugomvi huo peke yako. Kanisani wananiambia Mungu anajua. Sawa, anajua. Lakini wewe hukujua, na yeye hawezi tena kujua, na mimi ukweli huu ninao na hauna wa kumfaa. Natamani sonara angeniambia ni bati.

Arobaini imepita. Mezani palikuwa na picha yako na maua, na wajomba walipouliza kalamu iko wapi, Mama alisema iko kwa mwenyewe. Sikumuuliza alimaanisha nani.

Lala, Baba. Kila Jumamosi nitakwenda Kipawa kunywa naye chai, na kalamu sitaiomba. Akiniuliza kama nimekwambia, nitasema bado.

Mwanao,
Neema