Wanataka Nitubie Kitufe Changu

Mpendwa Mshauri, asalaam alaykum, naandika nikiwa na hasira na naomba msaada wako, lakini usiniambie nikivue hiki kitufe kwa sababu hapo hatutaelewana. Nina miaka ishirini na sita, nauza maziwa ya ngamia hapa Garissa, na nina kifafa tangu nikiwa shuleni, dawa nakunywa kila siku lakini mara mojamoja bado hunishika, kwanza nasikia ladha ya chuma mdomoni, halafu sijui tena kilichotokea. Kaka yangu Abdimalik alininunulia kitufe cha dharura cha kuvaa shingoni, kidogo, cheusi, kina laini ya simu ndani, nikisikia ile ladha nakibonyeza na simu yake inalia, ya mama inalia, ya jirani inalia, na mmoja wao hunifikia. Nje ya hao hakuna anayejua.

Sasa nimeposwa na kijana, nitamwita Siyad, ambaye nampenda, walaahi nampenda. Mwezi uliopita mama yake alikuja na dada zake kunijaribisha diraa, lile gauni letu jepesi la harusi linaloonyesha kila kilicho chini yake, na wote wakaona kamba na kile kitu cheusi kifuani. Mama yake akasimama. "Hii ni hirizi. Sisi hatuwezi oa mtu ya hirizi. Toa, utubu, ama hakuna harusi." Nikavua diraa nikamrudishia, na walipoondoka mama yangu akanishika mkono: "Kubali ilikuwa hirizi. Hirizi unatubu, inaisha. Hii ugonjwa haitubiwi. Watasema ni jini, na hakuna mtu atakuja tena kuposa hapa, wewe wala wadogo wako."

Basi nikakivua kumridhisha mama. Siku ya tatu nilikuwa nafukiza vibuyu vya maziwa kwa kaa la moto, ladha ya chuma ikaja, nikapeleka mkono shingoni, hakuna kitu. Nilizinduka mkono umeungua hadi kwenye kiwiko. Mama yake Siyad aliponiuliza nikamwambia ni chai. Nimekivaa tena siku hiyohiyo na sikivui, hata kama nitazeekea kwa baba. Lakini nitubie dhambi ambayo sijafanya ndipo nipate mume? Harusi ni baada ya wiki tatu.

Mwenye Kitufe, Garissa

Bi Weris anajibu:

Binti yangu, pole sana kwa mkono huo, na hongera kwa kukivaa tena. Ningekukuta umekivua ningekuvisha mwenyewe.

Lakini nitakugombeza. Huyo mama mkwe umemfanya adui, na mimi nakuuliza, kosa lake ni lipi? Aliona kamba shingoni mwa bibi harusi, akafoka kama ambavyo mama yeyote wa kwetu angefoka, na hakuna hata mmoja wenu aliyemweleza ni kitu gani. Kisha ukamwongezea uongo wa chai. Mama yako namwelewa, ana mabinti wengine wa kuozesha na anaogopa midomo ya watu. Mwambie nimesema midomo hiyo haikuuzima ule moto.

Ukisimama mbele ya wale wanawake utubie hirizi ambayo hukuwahi kuvaa, hapo ndipo utakuwa na la kutubia. Kifafa ni ugonjwa, mwenye shaka aende hospitali akaulize. Mimi nina miaka sitini na moja na presha, naishi peke yangu, na baada ya kusoma barua yako nimemwambia mwanangu anitafutie kitufe changu.

Sasa fanya hivi. Wiki hii, si ijayo, mwite Siyad nyumbani kwenu, Abdimalik akiwepo. Barua nzima umesema unampenda, lakini hujamwuliza neno hata moja. Mwonyeshe mkono, mwambie ni kifafa, mwambie chai ilikuwa uongo. Omba radhi kwa uongo tu, ugonjwa hauombewi radhi. Kisha mwambie unataka namba yake iwe ya kwanza kwenye kitufe, kabla ya ile ya kaka yako. Akiitoa, aende mwenyewe akamweleze mama yake, na siku ya harusi ukivae juu ya diraa wakione vizuri. Akianza kukubembeleza ukivue angalau siku moja, kwa ajili ya picha, kwa ajili ya watu, mwache aende. Mwanamume asiyetaka kupigiwa simu ukianguka, unaolewa naye ili iweje?