Ukuta wa Mama Bado Unakauka

Mpendwa dadangu Wakesho,

Kwa heshima na taadhima, na mbele ya wote watakaosoma, natangaza kwamba mimi kaka yako, mwana wa Voi niliyekuwa nikilala kifua wazi hata mwezi wa saba, nimenunua sweta. La sufu. La kijivu. Lina kola. Cheka kwanza, umalize, ndipo tuendelee.

Nimelinunua Wundanyi, kwa sababu msimu huu wote nimekuwa huko juu milimani nikimjengea mama nyumba. Na najua umeshapigiwa simu. Umeambiwa mama alifika, akaikataa nyumba, tukagombana, akarudi Voi amenuna. Waliokupigia wamekuachia wasiwasi, nawe uko mbali. Ndiyo maana naandika, na naandika wazi, ili hata wao wasome.

Unakumbuka kazi yetu kila likizo ya shule? Baba akimaliza ukuta, wewe na mimi tulikabidhiwa madebe. Asubuhi maji, jioni maji, wiki nzima, kwa sababu jua la Voi hukausha simiti kabla haijashika. Ukuta mpya ukiumwagia ulitoa sauti kama sufuria ya moto. "Una kiu huo! Ongezeni!" baba alipaza sauti kutoka kivulini. Mimi nilimwaga nusu ukutani, nusu miguuni pangu. Wewe ulinyunyiza kwa kiganja, tofali kwa tofali, kisha ukaweka shavu ukutani kama unayesikiliza moyo. Nikakuita daktari wa kuta. Nani angejua ungeenda kulipwa kwa hilo hilo, Kanada?

Halafu ile asubuhi yako ya kwanza ya baridi kali huko. Ulifika kazini, ukauona ukuta uliojengwa jana yake, ukatafuta ndoo. Wanaume wazima wakapiga mayowe kana kwamba umebeba petroli. Jioni ukanionyesha kwa simu tofali la simiti lililolowa kisha likapigwa na baridi: maji yalikuwa yameganda ndani yakafura, uso wa tofali ukabanduka kama ganda la yai. "Kaka, huku maji ni adui," ukasema. "Ukuta tunaufunika blanketi kama mgonjwa." Nilikucheka mwaka mzima. Kila nikipiga simu nauliza, ukuta umeamkaje, umekunywa chai?

Haya, sasa ni zamu yako kunicheka.

Milimani kwetu hakuna barafu, lakini ukungu wa mwezi wa saba unaujua. Mimi nikapanda na ufundi wangu wa Voi. Matofali nikayapanga moja kwa moja kwenye udongo, yakanywa maji kutoka chini. Juu ya kuta sikufunika hata kipande cha nailoni, manyunyu yakaingia kwenye matundu ya matofali yakakaa humo. Na juu ya hayo yote, asubuhi na jioni, nikachukua ndoo nikamwagilia. Mwakio, jirani wa mama, akasimama kwenye ua wake akinitazama.

"Fundi, hizo ni kabichi ama ni nyumba?"

"Huu ni ufundi, mzee."

"Sawa. Basi utatuambia siku ya kuvuna."

Sikumsikiliza. Nilikuwa nimemwahidi mama kwamba mwezi wa nane hautaisha kabla hajalala kwake. Tangu nyumba yake ya zamani ianguke amekaa kwangu, na joto la Voi limemchosha. Nami nilitaka sana kumwona akifungua mlango wake mwenyewe. Basi nikaezeka haraka, nikapiga plasta juu ya ukuta uliolowa chepechepe, nikapaka rangi nyeupe. Ikapendeza, wallahi. Nikaenda kumleta.

Sasa ukweli wa siku ile.

Mama aliingia chumbani peke yake. Akakawia. Nikamfuata, nikamkuta ameweka kiganja ukutani, na alipokiondoa kilikuwa kimelowa. Chini ya dirisha rangi ilikuwa imefura, na madoa meusi ya kuvu yameanza kutoka. Kifua cha mama unakijua.

"Nyumba ni nzuri, mwanangu. Mbona inatoa jasho?"

"Itakauka, mama."

"Nikiwa ndani?"

Nikapangusa ukuta kwa mkono wa shati, ukalowa tena.

"Dadako angesema nini?"

"Angesema tubandue plasta yote, tuache madirisha wazi mpaka ukuta ukauke wenyewe."

"Basi nipe nyundo."

Hapakuwa na ugomvi, Wakesho. Kelele zilizosikika kwa majirani zilikuwa za mama akigonga. Kipande cha kwanza alikiangusha yeye, leso amejifunga kiunoni, akisema kifua anacho kimoja tu na hana haraka ya kukohoa. Tukabandua pamoja hadi jioni. Plasta nyingine ilitoka kwa vidole tu, nami nikawa naiokota. Akarudi nami Voi kwa hiari yake, vumbi limejaa nyweleni. Alinuna kidogo, ndiyo, maana nilimnyang'anya nyundo alipoanza kuhema.

Ukuta wenyewe ni mzima. Nimegonga kila tofali, simiti imeshika; kilichoharibika ni plasta na majivuno yangu. Kila Jumamosi napanda kuupapasa, na nikirudi mama ananiuliza mlangoni, kabla hata ya salamu, "Ukavu umefika wapi?" Jumamosi iliyopita ulikuwa juu ya dirisha. Leo umeshuka chini yake, zimebaki safu chache za matofali karibu na sakafu. Hajahamia. Atahamia, na kitanda nitambebea mimi.

Kaa salama huko, daktari wa kuta, na ukipigiwa simu tena, niulize mimi kwanza.

Ni mimi,
kaka yako