Amplifaya Iliyomfunika Mama Eliya

Kimamba, Jumatatu

Kaka Yeremia,

Hali yako sikuulizi, na yangu ungeiona ungecheka. Tangu jana nina hasira ambayo hata chai haipiti. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa kila ninayemweleza ananijibu kwamba hayo ndiyo maendeleo.

Wamenunua amplifaya. Ilishushwa stesheni ikitoka Dar, wakaibeba watu wanne kama jeneza, Mwenyekiti wa kamati ya bendi akitangulia mbele kusafisha njia. Ni ya valvu kama yako, zile taa za kioo za ndani, ila yako ilikuwa nazo chache za kuonea huruma, na hii ukichungulia kwa nyuma utadhani mji mzima umewashwa. Betri ya lori haiitoshi. Inataka jenereta ya shamba la mkonge, na ikishaanza kazi balbu za ukumbini zinafifia. Mwenyekiti akatuambia kwamba bendi ya kijiji cha ujamaa haiwezi kupigia kwenye kijisanduku cha mtu mmoja. Kasimu, waliyempa nafasi yako ya solo, akaongeza kwamba mpiga gitaa wa kweli lazima awe na nguvu nyuma yake. Nguvu za nini, Kaka? Anabomoa ukuta?

Wewe ile ndogo ulikuwa ukiifungua mpaka mwisho, ikakwaruza kidogo kama sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi, na bado binti aliyekaa mlangoni aliweza kumsimulia mwenzake mambo yake. Utamu ulikuwa hapo. Valvu zinaanza kuimba zikikamuliwa, na hii kubwa haikamuliki. Wakiipunguza, gitaa linakuwa uji usio na sukari. Wakiifungua ili ipate ladha, watoto wanalia. Jumapili ya kwanza watu waliingia ukumbini mchana kama kawaida, wakasimama kidogo, kisha mmoja mmoja wakatoka wakaenda kucheza kwenye vumbi, ng'ambo ya reli. Ndani tulibaki sisi wapigaji na Mwenyekiti, anachezesha mabega peke yake. Baadaye alitupongeza. Alisema tumesikika mpaka Tindiga.

Hayo yote ningeyameza. Chombo kibaya ni chombo kibaya tu, mtu hafi. Lakini kuna la mkeo, Mama Eliya, na hilo limenikaa kooni.

Unamkumbuka Mama Shija, mtani wenu wa Kinyamwezi, aliyekuja kukata mkonge akabaki. Siku tuliyokuzika alivaa kofia yako, akashika ungo kama gitaa, akakunja uso vile ulivyokuwa ukiukunja ukikosea, hata mkeo akacheka huku machozi yanamtoka. Kisha akajitwika ile amplifaya yako ndogo, akasema, "Nakwenda na mali ya marehemu. Anayeitaka aje na jogoo, tena aniombe vizuri." Watu wakapiga vigelegele. Kila mmoja alijua kwamba kitu kilichobebwa na mtani msibani hukombolewa kabla ya matanga kwisha. Ndugu zako wakaiachia bendi kazi ya kuikomboa, maana ulikuwa mtu wa bendi. Nami nikamkumbusha Mwenyekiti mara kwa mara. Mwishowe akanijibu kwamba ukabila tumeuzika pamoja na ukoloni, na hicho kisanduku kikae huko huko, kuku walalie. Kamati ikampigia makofi. Watu wazima, Kaka, wanaopigia makofi banda la kuku.

Basi jana, uani kwako Mvumi, tulimaliza matanga kwa ile kubwa. Jenereta ilivutwa na trekta la kijiji, wakaiegesha kwenye migomba yako na kuvunja miwili. Mkeo alikuwa ameomba kitu kimoja tu, apigiwe wimbo wako, ule unaomuuliza mke amepika nini, na kila mwisho wa mstari gitaa linanyamaza ili yeye ajibu. Miaka yote alikuwa akikujibu papo hapo, chochote kilichomjia. Tulikuwa tukija mazoezini mapema ili tusikie leo atakuambia nini. Mara mlenda. Mara hajapika, nenda ukale kwa hao wanaokushangilia. Ulikuwa ukicheka mpaka vidole vinakosa nyuzi. Jana alitaka akujibu mara ya mwisho, watu wasikie, ndipo avue nguo za msiba.

Kasimu hakunyamaza. Umempa mtu nguvu zote hizo, atazifanyia nini kama si kuzitumia? Na pale alipoinua mkono kufuta jasho, amplifaya iliendelea kuvuma yenyewe, jenereta ikavuma juu yake. Nikamtazama Mama Eliya. Alisimama, akashika kanga yake kifuani, akajibu. Niliona midomo ikienda. Mstari wa kwanza, wa pili, yote aliijibu kwa utaratibu wake ule ule, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyesikia alichokuambia. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote na sikusikia. Alipoketi, watu walimpigia makofi Kasimu.

Nilichomoa waya wa gitaa langu nikatoka. Mwenyekiti akanifuata kuniuliza kama ninaumwa. Kaka, nilimtazama yule mtu, shati lake limepigwa pasi, amefurahi kwa moyo wake wote, nikaona kinyaa ambacho sijawahi kuwa nacho kwa binadamu. Nimewarudishia ufunguo wa ukumbi. Wapige. Wasikike mpaka Mikumi, tembo wahame.

Asubuhi hii nimekwenda kwa Mama Shija na jogoo. Alinitukana kiutani mpaka akatosheka, akauliza kama bendi imeishiwa watu hata imemtuma mpiga ridhimu. Amplifaya yako ameifunika kwa kanga, iko juu ya kabati, haina hata vumbi. Nilipomweleza habari za jana akaacha utani. Akamshika jogoo miguu, akasema, "Basi matanga hayajaisha. Yule mama bado hajasema."

Kwa hiyo nakuaga leo, lakini kuaga kwenyewe ni nusu. Jumamosi asubuhi napanda Mvumi, betri nyuma ya baiskeli, Mama Shija na mzigo wake kichwani. Kamati haijui na haitajua. Solo yako siiwezi na sitajidai kuiweza. Nitaupiga ule mstari wa kwanza kadiri ya mikono yangu, kisha nitaondoa vidole kwenye nyuzi. Huenda akachelewa. Huenda jana imemvunja moyo, akaniangalia tu. Nitakaa hapo uani kwako na gitaa mapajani, jua lipande linavyotaka. Pumzika, Kaka. Nakuahidi kwamba mstari wa pili sitaupiga mpaka amekujibu.

Mdogo wako,
Salehe