Noti ya Fisi Maji

Berchem-Sainte-Agathe,
Brussels, Ubelgiji.
9 Machi 2025

Mpendwa Shemeji Felician,

Shikamoo, mzee wangu wa Kanyigo. Goti linaendeleaje? Natumaini mvua zimekuja, migomba imesimama, na Mama Nehemia bado anakunyima chumvi kama daktari alivyoagiza. Mimi ni mzima. Baridi imeanza kulegea, na kule kazini, kwenye nyumba ya wazee, wananipenda kwa sababu sauti yangu inasikika hata na viziwi.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika barua na simu ipo. Kuna kitu ndani ya bahasha hii ambacho simu haiwezi kukibeba, kwa hiyo tafadhali usiitupe kwa hizo hasira zako.

Ni habari ya Pamela. Wewe ndiye baba yake tangu mdogo wako alipotutoka, na bila wewe kupokea mahari hapangi tarehe ya harusi. Krismasi ulimjibu kwamba huwezi kuozesha mtoto kwa watu wa nchi usiyoijua. Alilia sana, Shemeji. Mimi nilikasirika siku kadhaa, kisha nikaona afadhali nikueleze nilivyoijua nchi hiyo.

Pamela alipomleta Mantas nyumbani mara ya kwanza, akasema kwao ni Lithuania, niliitikia kwa adabu tu. Lakini sikutaka kumwozesha mwanangu kwenye nchi ambayo sijashika hata karatasi yake. Basi nikaanza kwenda kwenye gulio la vitu vya kale kule Marolles kutafuta noti zao za mwanzo, zile walizotumia walipotoka mikononi mwa Wasovieti, kabla hawajapata sarafu yao kamili. Nikanogewa! Mtu anakwenda kununua sufuria, anarudi na noti.

Nilizokusanya hazina sura ya mkubwa yeyote, zina wanyama. Yupo dubu, wapo mbwa mwitu. Ninayoipenda kuliko zote ina fisi maji wawili, kama wale waliokuwa wanatuchungulia kwenye mawe ya ziwani tulipokwenda kufua. Niliipata safi, haijakunjwa hata mara moja. Noti ya namna hiyo hushikwa kingoni tu, kwa vidole vikavu. Hata Pamela nilimkataza kuigusa.

Mwezi uliopita mama yake Mantas alikuja kutoka kwao kutusalimia. Nilipika ndizi kwa nyama, nikatoa na zile kahawa za kutafuna ulizonitumia. Alitafuna, akakunja uso, akaomba nyingine. Albamu yangu ya noti nilikuwa nimeifungua mezani ili aone kwamba kwao tunakuthamini. Kisha Maman Euphrasie, jirani yangu mtu wa Bukavu, akaanza kuimba na kupiga makofi, na yule mama, mkimya hujapata kuona, akainuka kucheza.

Unajua tunavyotuza. Maman Euphrasie alitafuta cha kumtuzia mgeni, macho yakatua kwenye albamu.

“Bon, feza ya kwabo iko na banyama! Donc leo tumupe mama heshima na feza ya kwabo.”

Kabla sijamfikia, mikono yake yenye mawese ilikuwa imewachomoa fisi maji wangu na kuwabandika kwenye paji la uso la mgeni. Mafuta, jasho, na mkunjo katikati! Nilimtaja Bikira Maria kwa namna isiyompendeza.

Mama Mantas akaibandua, akaitazama, akaketi. Machozi yakamtoka. Nikajua tumeharibu, amedhani tunamdhihaki yeye na nchi yake, na harusi imeishia hapo. Pamela akawa anatafsiri. Kumbe Mantas alizaliwa wakati wa noti hizo, na maziwa yake yalinunuliwa na hao hao fisi maji. Alisema watu walizicheka, wakaziona karatasi za kuchezea, na zilipoondolewa hakuna aliyezisikitikia. Akauliza kwa nini amewekewa usoni. Pamela akamweleza kwamba kwetu mtu huheshimiwa hivyo mbele za watu. Yule mama akaibandika tena kwa mkono wake mwenyewe, akamvuta Maman Euphrasie, wakaendelea kucheza.

Nilifurahi, Shemeji, mpaka nikasahau albamu. Kwa wakusanyaji noti hiyo sasa haina maana tena. Nilitaka aondoke nayo, akakataa, akasema iende kwa baba yake Pamela. Ndiyo hiyo uliyoishika. Doa la mawese usilisugue.

Nisalimie sana Mama Nehemia, Nehemia na mkewe, na shangazi Bibiane, umwambie kitenge chake nimekipata.

Mantas na mama yake wanaomba kuja Kanyigo mwezi wa nane, na mahari mtazungumza wenyewe kwa desturi yetu. Jibu kwa simu silitaki, maana kwenye simu unajua kugomba. Itunze tu noti. Siku hiyo ngoma ikianza uani kwako, Pamela atakuwa amesimama pembeni anautazama mkono wako. Itoe mfukoni, umbandike Mantas kwenye paji la uso.

Mungu akulinde, alilegeze goti lako, na moyo wako pia.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye pamoja na ukali wako,
Severina