Kiwiko Changu na Jicho la Rodion

Jumatatu, 4 Machi
Nimempiga Rodion! Kwa kiwiko, jicho la kushoto. Tulikuwa tunateleza barafuni kwa jozi, kwenye mrusho — ananirusha juu, najizungusha mara tatu hewani, ananidaka kiunoni. Nilishuka kiwiko kimetokeza. Kosa langu. Mwalimu Nonna ananionya tangu nina miaka kumi: "Viwiko ndani, Taisia! Huyo ni mwenzako, si mlango." Rodion aliketi palepale barafuni akicheka. Eti sasa anafanana na bondia.

Siku sita tu kabla ya mashindano ya vijana ya nchi nzima. Jozi mbili za kwanza zinaingia timu ya taifa. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Jumatano, 6 Machi
Uvimbe umepungua, lakini amenidaka vibaya mara tatu. Mkono mmoja mbavuni, mwingine hewani. Nimejaa alama za vidole.

Nilimbana kwenye ngazi. Kwanza alikana. Kisha akasema jicho lile linaona ukungu, kama dirisha la basi wakati wa baridi. Daktari? Hataki. "Ukimwambia Nonna tumekwisha. Mwakani mimi nitakuwa nimeshapita umri wa vijana." Akaniomba nipige kelele ninapoanza kushuka, anifuate kwa sikio.

Nimekubali. Mimi ndiye niliyempiga!

Alhamisi, 7 Machi
Imefaulu! Mirusho minne, kila mara "Hop!" — na mikono yake ipo. Mwalimu Nonna akauliza, unapiga kelele za nini, umekanyagwa? Nikasema inanisaidia kupumua. Sijawahi kumdanganya. Aliniangalia muda mrefu.

Ijumaa, 8 Machi
Siku ya Wanawake. Rodion alikuja na matawi mawili ya mimosa, yale maua ya manjano ya siku hii, langu na la bibi. Bibi akamtania: "Maua kwa kikongwe kama mimi? Una nia gani, kijana?"

Kisha Rodion akamimina chai. Kando ya kikombe! Juu ya kitambaa cheupe, na akaendelea kumimina. Bibi alidhani anaona haya, akacheka hadi akafuta machozi. Mimi niliirudisha keki kwenye sahani.

Kikombe kilikuwa kimetulia mezani. Mimi huwa nashuka kutoka juu.

Jumamosi, 9 Machi
Treni kutwa nzima. Mwalimu Nonna alinimenyea yai, akaniwekea na chumvi. Nilikaribia kusema. Sikusema.

Jumapili, 10 Machi
Asubuhi, mazoezi ya mwisho. Bila muziki — safi. Kisha wakafungulia muziki. Wa sauti kubwa mno! "Hop" yangu hata mimi sikuisikia. Rodion alinishika chini ya kwapa, kwa bahati tu. Uso wangu ulipita shubiri moja juu ya barafu. Watu watakapojaa na kupiga makofi itakuwaje?

Sasa niko ukumbi wa nje, viatu nimeshafunga. Zimebaki dakika ishirini. Nimemwambia Rodion twende kwa daktari wa mashindano, bado kuna muda. Amesema, "Mdogo wangu, piga kelele hadi mji wa Perm wasikie. Dakika nne tu, halafu nitakwenda hata kwa madaktari kumi." Kisha, kwa sauti ndogo: "Nakuomba, Taisia." Rodion haombi kamwe.

Mwalimu Nonna alikuja akachuchumaa mbele yangu, akakaza kamba za viatu vyangu ingawa zimekaza. Akasema yeye mwenyewe alirushwa barafuni kwa miaka kumi na miwili, na hakuna mtu anayepumua kwa kusema hop. "Naenda kuthibitisha majina yetu mezani. Nikirudi, uniambie. Ukisema mnaingia, mtaingia."

Kwa hiyo ameniachia mimi.

Jozi iliyotutangulia imeshaanza. Makofi yanatikisa benchi. Nikisema, Rodion hatanisamehe, pengine hatateleza tena. Nisiposema —

Nasikia visigino vya Mwalimu Nonna. Anarudi. Rodion amesimama mbele yangu, anatabasamu, amenyoosha mkono anivute nisimame kama siku zote. Nami nimenyoosha wangu.

Wake umepita kando. Umeshika hewa.

Ametabasamu tena, anajaribu mara ya pili. Nimeurudisha mkono wangu. Nasimama mwenyewe, namgeukia Mwalimu Nonna.