Mkono wa Gia na Kilima cha Mikaratusi

Jumanne, 24 Juni 1975

Upepo tangu alfajiri. Mgongo umekataa kunyooka hadi saa tatu.

Barua kutoka ofisini. Mistari minne. Afisa wetu wa elimu, Ndugu Fanueli, anasema kwamba tangu ile ajali ya lori iliyoniumiza mgongo kufika kwangu kazini "hakuna uhakika". Kwa hiyo darasa langu la watu wazima, njia ya Mpui, apewe mwingine, nami nistaafishwe kwa sababu ya afya. Nina miaka arobaini na sita! Nimewakosoa gazetini mara kumi na moja, hawajajibu hata mara moja. Jibu ndilo hili. Kalamu imewashinda, wamekamata mgongo.

Nimekwenda kwake kwa magongo. Nimesema mengi, nimechoka hata kuyaandika. Mwishowe kasema: Jumatano ya wiki ijayo atakuja darasani saa nane. Akinikuta nimefika mwenyewe—bila kubebwa, bila kusukumwa—barua anaichana.

Maili tano. Kilima kimoja, kile cha mikaratusi.

Alhamisi, 26 Juni

Kwa Polikarp, fundi. Kile chombo changu mimi nakiita baiskeli, yeye anakiita kitanda. Magurudumu mawili mbele, moja nyuma. Kiti cha kulalia chali, maana mgongo hauvumilii kukaa wima. Pedeli ziko mbele, miguu imenyooka kama ya mtu anayeota jua. Alikiunda mwaka jana kwa baiskeli mbili mbovu, akiiga picha katika jarida kuukuu la mapadri. Kwenye tambarare kinakwenda. Kilimani kinakufa.

Sasa amepata gurudumu la nyuma lenye gia tatu, zimo ndani ya kitovu chake. Lilikuwa la baiskeli ya sista aliyerudi kwao. Kilichobaki ni mkono wa kubadilishia, na ipo miwili. Wa kwanza ulikuja na gurudumu: mdogo, una vituo vitatu, kila kituo kinalia ta! Wa pili kaufua mwenyewe: mrefu, hauna kituo chochote, unakazwa kwa nati ya masikio na unakaa popote unapouacha.

Nimechagua wa pili papo hapo. Nani kaamua kwamba mimi nina vituo vitatu tu? Nimemhutubia Polikarp juu ya watu wanaokaa mbali, wasioijua njia, wakampangia msafiri pa kusimama. Amesikiliza huku anapiga tupa. Halafu: Mwalimu, ndani ya kitovu gia ni tatu. Hata uzihutubie mpaka jioni hazizai ya nne.

Nimeng'ang'ania. Kaufunga karibu na nyonga ya kulia, mkono unapolala.

Jumamosi, 28 Juni

Niandike kabla ya kulala, ingawa kiwiko kinauma.

Nimekwenda kujaribu kilima. Gia ya kwanza—miguu inazunguka upesi, chombo kinakwenda mwendo wa kinyonga, lakini kinapanda! Nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu.

Katikati ya mlima nikakutana na mama Dominika, mkubwa kwa umri kati ya wanafunzi wangu wote, na mumewe. Wanashuka na mizigo ya ulezi. Wakaitua. Wakachuchumaa kando ya barabara, wakaanza makofi ya salamu. Hapa Ufipa mtu mzima akikupigia makofi huwezi kumpungia mkono kama unafukuza inzi. Nimekaa hapa miaka kumi na miwili, viganja vinajibu vyenyewe. Nikaachia kila kitu, nikapiga makofi.

Kumbe muda wote ule mkono wa gia nilikuwa nimeushikilia mimi! Nati haikuushika. Ukarudi, waya wa gia ukalegea. Na kati ya gia ya pili na ya tatu, sasa najua, hakuna kitu. Ni utupu. Pedeli zinazunguka bure. Nikarudi nyuma, nikaingia mtaroni, magurudumu yakatazama mbinguni.

Mama Dominika hakukatisha salamu. Aliimaliza yote, habari za nyumbani, za mke, za mifugo nisiyo nayo, mimi nikimjibu kutoka mtaroni. Ndipo akauliza: Je, mwalimu umeumia?

Wakanitoa. Wakanisukuma hadi kileleni. Nilikataa kwa sauti kubwa. Wakasukuma.

Jumapili, 29 Juni

Sikwenda kanisani. Mke wangu Tusajigwe kanipaka dawa. Kisha kaanza.

— Baba Suma, unataka kumshinda Fanueli au unataka kufundisha?

— Yote mawili.

— Basi chagua lipi ukose usingizi kwa ajili yake.

Mwezi wa nane mtihani wa kusoma, nchi nzima. Watu wangu thelathini na mmoja. Mama Dominika mwezi Januari aliishika kalamu kama mwiko. Juzi kasoma sentensi nzima peke yake, akatazama nyuma kuona ni nani aliyesema.

Jumatatu, 30 Juni

Nimemwambia Polikarp aweke mkono wa vituo. Hakucheka. Hilo limenikera kuliko kama angecheka.

Meno yake yalikuwa yamelika. Kayachonga upya, kabadilisha springi. Halafu waya. Unaweka gia ya pili, unachungulia tundu la ekseli: ndani kuna kijiti cha chuma, ncha yake iwe sawasawa na mwisho wa ekseli. Kikiingia zaidi, umekaza kidogo mno. Kikitokeza, umezidisha. Nimezungusha nati ya waya nusu mzunguko. Kanirudisha. Robo, mwalimu, robo! Ninyi watu wa Mbeya hamjui robo.

Amenilazimisha nilegeze na kukaza mara nne kwa mkono wangu. Njiani, kasema, Polikarp hayupo.

Nimemtuma Albina wa darasani: Jumatano, tafadhali, mtu yeyote asinisalimu kilimani.

Jumatano, 2 Julai

NIMEFIKA. Mwenyewe.

Si vizuri niandike kwa majivuno, mapaja bado yanatetemeka. Chini ya kilima mkono ulilia ta!, gia ya kwanza ikashika. Kwenye kona ikaanza kuteleza. Nikakaza breki, nikanyoosha mkono nyuma, nikazungusha nati ya waya robo. Robo tu! Ikashika. Barabara ilikuwa tupu ajabu. Hakuna mtu, hakuna hata mbuzi. Nikaingia darasani saa nane kasoro dakika kumi. Darasa tupu.

Baada ya dakika tano wakaingia wote, na majani ya mikaratusi vichwani. Walijadiliana jana. Kumwona mwalimu na kutomsalimu ni tusi, haiwezekani. Dawa ni kutomwona. Basi watu wazima thelathini na mmoja, wengine wajukuu wanao, wamejificha nyuma ya miti na kuipa barabara mgongo mpaka nilipopita!

Landrova ya Fanueli saa tisa kasorobo. Akauliza darasa: Ndugu zangu, mwalimu kasukumwa?

Mama Dominika kasimama: Hatukumwona.

— Kafikaje?

— Hatukumwona, bwana afisa. Hakuna aliyemwona.

Nikatamani ardhi inimeze. Fanueli kanitazama. Kaizunguka baiskeli mara mbili, kapiga teke gurudumu la nyuma, kabonyeza mkono wa gia. Ta. Ta. Ta. Kisha kaitoa barua mfukoni, akaichana mbele yao. Makofi.

Alikuwa anatabasamu. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 4 Julai

Barua mpya. Mistari mitatu, wamezidi kubana matumizi.

"Kwa kuwa imethibitika unaweza kusafiri bila msaada", kuanzia tarehe 15 nahamishiwa Muze.

Muze! Huko chini, upande wa ziwa. Barabara inadondoka ukutani mwa uwanda wa juu kama ngazi. Malori yanaikwepa. Huku juu nani ataendesha darasa hadi Agosti? Haijaandikwa. Nilianza kumwandikia mhariri, nikafika "Ndugu Mhariri", kalamu ikasimama.

Nikiandika ofisini kwamba siwezi, nitakuwa nimekubali kwa mkono wangu niliyoyakataa wiki nzima. Nakala ya barua ya kwanza Fanueli bado anayo, hakuna shaka. Nikiandika naweza, nashuka mara moja, na kupanda tena sahau. Jibu linatakiwa leo kabla ya ofisi kufungwa.

Polikarp amekuja bila kuitwa. Hana utani. Anasema kutoka Muze kuja juu hakuna gia, hata aniwekee kumi. Kushuka, labda, akiongeza breki nyuma. Amepiga magoti uani anapima gurudumu kwa kamba.

Albina naye yupo, habari za Muze zimeshawafikia. Ametumwa na darasa kuuliza: Jumatatu waje, au wasije? Nimemwambia angoje kidogo, jibu la ofisi sijaliandika. Amekaa kizingitini, Tusajigwe kampa uji. Ameumaliza. Bado anangoja.