Vimche vya Bibi Vilivyokuja Chupani

Chala, Nkasi,
Rukwa.
18 Januari 2025

Mpendwa mwanangu Lydia,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani. Hujambo? Joto la Morogoro linakuacha ulale? Mimi shangazi yako mzima, ila goti linanikumbusha umri kila nikipanda mlima. Mahindi yamefika kiunoni na ulezi umeota vizuri.

Boksi lako nililipokea stendi ya Sumbawanga mapema mwezi wa kumi na mbili. Kondakta alilipakata toka Mbeya, na chupa zote nane zilikuwa nzima. Nilipoona vimche ulivyootesha maabara vimesimama kwenye ule urojo bila chembe ya udongo, nilicheka peke yangu mpaka watu wakanitazama.

Sasa usinikasirikie. Uliandika urojo uoshwe na kumwagwa. Kabla sijageuka, jirani yetu Leonardi alishalamba wa chupa tatu na kuviharibu vimche vyake, akidhani urojo ndiyo dawa yenyewe na majani yamewekwa tu kuonyesha ni ya mti gani. Nilipomwambia kile ni chakula cha mmea, kina sukari, akauliza kama kuna kingine. Eti tumbo limepona!

Vile vitano vilivyobaki nilivipanda kwenye makopo, nikavifunika nailoni kama ulivyoelekeza. Kazi ikabaki kwa mama, bibi yako.

Mwanangu, nikuambie ukweli niliokuficha. Tangu ulipokata lile chipukizi la mti wake wa dawa mwaka juzi bila kumwomba, mama alikuwa na kinyongo na wewe. Halafu shina lenyewe, la mwisho kule mlimani, likang'olewa watu walipolima. Wanawake waliokuja kutafuta dawa ya tumbo akawa anawarudisha mikono mitupu. Akaacha hata kulitaja jina lako. Niliumia sana.

Nilipomwonyesha makopo alisema, "Hii si dawa. Dawa gani haina mama?"

Nikamwambia, "Mama yake ni shina lako lile lile. Lydia alichukua kipande kama ukucha, na hivi vyote vimetoka humo."

Alisugua jani moja, akanusa, akakaa chini. Kuanzia siku hiyo akawa anavichungulia mwenyewe kila asubuhi.

Jana, vilipokwisha kuzoea upepo, alivihamishia nyuma ya jiko. Unajua hapandi dawa bila kuiambia imetoka kwa nani. Ile ya zamani aliitajia marehemu mama yake, Hellena. Nikasimama mlangoni nisikie safari hii atasemaje. Alishindilia udongo kwa viganja, akainama, akasema, "Umetoka kwa Lydia, mjukuu wangu."

Nililia, mwanangu.

Baba yako Zenon anakusalimu, na mdogo wako Debora pia. Mungu aibariki mikono yako, na Mama Maria akufunike popote ulipo.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye sana,
Bertilla